Dianthasi katika bustani ya Malindi: ya Kichina, kaneshoni, au upande vinka?

Bustani ya Malindi ina jambo moja linaloifaa dianthasi, ukoo wa maua ambao kaneshoni ni mmojawapo, na jingine linaloiudhi. Linaloifaa ni udongo. Mchanga wetu uliochanganyika na matumbawe yaliyosagika una chokaa tele, na chokaa hiyo ndiyo inayozigeuza manjano azalia na haidrenjia zinazoletwa kutoka bara hadi zife. Dianthasi haina ugomvi na chokaa. Ndugu zake wengi porini huota penye mawe ya chokaa. Linaloiudhi ni joto la usiku. Julai, mwezi wetu wa baridi, usiku wa Malindi hushuka hadi nyuzi 22 hivi ukakomea hapo, na Machi mchana hufika 31 au 32. Aina nyingi za dianthasi zinataka usiku ulio chini ya wetu kwa nyuzi kumi.

Ndiyo maana hapa aina huchaguliwa kwanza, kabla ya mbolea, kabla ya chungu, kabla ya rangi. Watu hupenda picha iliyo kwenye pakiti, wakapanda, wakamwagilia miezi mitano, wakaambulia majani matupu, kisha wakajilaumu kuwa hawana mkono wa maua. Mkono wanao. Walichonunua ni ua la Limuru, kule bara kwenye baridi.

Niseme mapema ninakoelekea, ili mwenye haraka apate lake. Kwa bustani ya kawaida ya Malindi chagua dianthasi ya Kichina au chotara wake, ipande ili ichanue wakati wa kusi, majira ya upepo wa kusini katikati ya mwaka, na uihesabu kuwa ua la msimu mmoja. Kaneshoni waachie watu wa bara. Na kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, soma sehemu ya mwisho, ya vinka, ua la ukoo mwingine, kabla hujatoa pesa.

Kaneshoni na ya Kichina

Hizi mbili ni za ukoo mmoja, Dianthus, na duka la mbegu huziweka rafu moja. Kaneshoni ni Dianthus caryophyllus, lile ua la mashada ya harusi na ya mazishi: shina refu, kichwa kilichosongamana petali. Ya Kichina ni Dianthus chinensis, kichaka kifupi cha sentimita 15 hadi 30, chenye maua bapa, na kila petali ina meno meno ukingoni kama kitambaa kilichopitishwa mkasi wa fundi cherehani. Mara nyingi katikati ya ua pana duara la wekundu uliokolea, na pembeni rangi hufifia kuwa waridi au nyeupe.

Kenya huuza kaneshoni nje ya nchi, na jambo hilo ndilo linalowapoteza wengi. Ikiwa inastawi Kenya, kwa nini isistawi kwangu? Tazama inakostawia. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Limuru na Timau zimepita mita 2,000. Huko usiku mtu havui sweta. Kaneshoni hupenda mchana wa nyuzi 18 hadi 22 na usiku wa 10 hadi 13. Ukiileta kwenye joto letu inarefuka upesi, shina linakuwa jembamba na kulala chini, vitumba vinatoka vichache na vidogo, na vingine hukauka kabla ya kufunguka. Hata huko bara penye hewa yake, mkulima hutandaza nyavu za kamba ili isimame, na hutoa vitumba vya pembeni kimoja kimoja ili kile cha juu kinenepe. Sioni sababu ya kufanya kazi yote hiyo Malindi kwa ua litakalotoka limedumaa.

Kuna na ugonjwa. Kuvu ya udongoni iitwayo Fusarium oxysporum ina namna yake inayoandama kaneshoni hasa: huingia mizizini, ikaziba mishipa inayopandisha maji ndani ya shina. Utaona tawi moja linanyauka na mengine mazima, majani ya upande huo yanapauka, baada ya siku chache mmea wote umekwenda. Kuvu hiyo hushamiri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 na kuendelea, na udongo wa Malindi uko hapo karibu mwaka mzima. Mmea uliokwisha kushikwa hauponi. Hung'olewa pamoja na udongo wake, na mahali pale hapapandwi tena ukoo huo. Ya Kichina nayo haina kinga kamili, ila kwa kuwa hukaa msimu mmoja na kuondoka, kuvu haipati muda mrefu wa kujijenga.

Ya Kichina asili yake ni kaskazini mwa China, Korea na Mongolia. Ni nchi za baridi kali, lakini kiangazi chao kina joto la kweli, na ni katika kiangazi hicho ndipo ua hili huchanua. Zaidi ya hapo, halihitaji kupitishwa kwenye baridi ndipo litoe maua. Ukilipanda mwaka huu unaliona mwaka huu. Kwa mtu wa Pwani sifa hiyo moja inashinda nyingine zote. (Malindi na China ni marafiki wa zamani pia: twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415.)

Wataalamu wa mbegu wameichanganya ya Kichina na nyingine iitwayo Sweet William, wakapata chotara mwenye nguvu kuliko wazazi wake. Pakiti zenye majina Telstar, Ideal na Jolt ni za chotara hao. Jolt Pink ilipata tuzo ya All-America Selections, inayopima mbegu mpya huko Marekani, mwaka 2015, na uvumilivu wake wa joto ni mmoja wa sifa zilizoipa jina. Ukiwa na pakiti mbili mbele yako, moja imeandikwa Dianthus tu na nyingine ina jina mojawapo kati ya hayo, chukua yenye jina hata kama ina mbegu chache kwa bei ileile. Kasoro ya chotara ni kwamba huwezi kujiwekea mbegu. Ua la mwakani halitafanana na la mwaka huu. Ya Kichina ya kawaida hujitolea mbegu vizuri, na ukipenda kupokea rangi yoyote itakayokuja, unaweza kukaa nayo miaka bila kurudi dukani.

Sweet William, na zile zenye harufu

Sweet William, Dianthus barbatus, ni zuri mno machoni. Maua yake madogo hujikusanya yakawa kichwa kimoja kipana, na lina shina linalofaa kukatwa na kutiwa kwenye jagi. Tatizo ni tabia yake. Aina za zamani ni za miaka miwili: mwaka wa kwanza majani, kisha majira ya baridi, halafu maua. Kwetu majira hayo hayaji, basi mmea unabaki kungoja. Zipo aina za mwaka mmoja ambazo hazingoji baridi, na pakiti yake husema hivyo waziwazi. Pakiti isiyosema, iache. Hata ile ya mwaka mmoja huugua kutu kwenye unyevu wa masika, madoa ya hudhurungi chini ya jani, kwa hiyo mimi huiweka nafasi ya pili nyuma ya chotara.

Halafu kuna Dianthus plumarius, yenye majani membamba ya kijivu cha buluu na harufu ya karafuu. Harufu hiyo inatokana na eugenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu yenyewe ukali wake, na mtu wa Pwani akisikia hivyo moyo humruka. Lakini hii hupenda baridi kuliko zote nilizotaja. Mwenye nyumba Limuru aipande kwa furaha. Wa Malindi ataizika.

Na kwetu harufu ina uzito wake. Ua likifika mkononi mwa mtu wa hapa hupelekwa puani kabla halijatazamwa vizuri. Bibi mmoja jirani alichuma dianthasi ya Kichina kwangu, akainusa, akainusa tena, akasema: "Mwanangu, zuri, lakini mbona halisemi kitu?" Alisema kweli. Harufu ya dianthasi ya Kichina ni hafifu, na ya chotara wengi haipo kabisa. Anayetafuta ua la kikuba, la nywele au la kutandaza kitandani asihangaike na dianthasi ya aina yoyote; apande asumini na mrehani, na mwenye nafasi na subira, mlangilangi. Dianthasi hupandwa kwa ajili ya macho. Mpango ninaoupenda ni asumini ukutani na dianthasi mbele yake, jioni pua ipate haki yake na asubuhi macho yapate yao.

Kusi au kaskazi

Kama kuna uchaguzi unaozidi ule wa aina, ni huu wa majira, na ndio unaokosewa zaidi kwa sababu maandishi ya nyuma ya pakiti yametungwa kwa nchi zenye majira manne. Pakiti ikisema "panda mwanzo wa machipuo", Malindi haina la kufanya na maneno hayo.

Dianthasi inayochanua wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hukutana na jua kavu, udongo unaochoma nyayo na utitiri mwekundu chini ya majani. Januari inakupa maua machache madogo, rangi imepauka. Februari inasimama. Machi majani ya chini yamekauka na shina limekuwa gumu, na maji hata umwage asubuhi na jioni hayairudishi.

Inayochanua wakati wa kusi ni mmea mwingine kabisa. Mvua kubwa ikishapita, kuanzia mwisho wa Juni, upepo unatoka baharini una ubaridi, mawingu hupunguza makali ya jua, na mvua za mchoo hunyesha kidogo kidogo na kukuondolea ndoo moja mbili. Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo dianthasi ya Malindi inafanana na picha ya kwenye pakiti.

Kikwazo ni masika. Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, na mche mchanga uliokwisha kutiwa ardhini huoza pale shina linapokutana na udongo. Kwa hiyo hesabu nayoifuata ni hii: mbegu mwanzo wa Mei, chini ya paa la baraza ambako mvua haifiki, miche ardhini katika nusu ya pili ya Juni, ua la kwanza mwishoni mwa Julai au Agosti, kwa sababu toka mbegu hadi ua ni wiki 12 hivi. Ukiihudumia itakupa maua hadi Novemba, na penye kivuli cha alasiri itagusa Desemba.

Wenye nyumba za wageni wana hesabu yao, maana wageni huja Desemba. Kwao naona afadhali kununua miche yenye vitumba mwishoni mwa Novemba na kuitia vyunguni, wakijua wataifurahia wiki chache tu. Kuotesha mbegu Septemba kwa lengo hilohilo kunawezekana, lakini unamlea mche miezi mitatu ili umfikishe kwenye jua la Januari.

Mbegu au miche ya kununua

Pakiti moja ya mbegu hutoa miche ya kujaza tuta zima, na kwa pesa hizohizo utapata miche michache tu ya kitalu. Kwa tuta refu kando ya njia ya kuingilia nyumbani, mbegu haina mshindani. Kwa vyungu viwili vya barazani, nunua miche.

Mbegu za dianthasi ni nyeusi, bapa, ndogo, na joto linalozifaa kuota ni nyuzi 20 hivi. Hilo Malindi hulipati, lakini unaweza kulikaribia: weka trei sakafuni, ndani ya nyumba ya kuta nene za mawe, mbali na mabati. Baada ya siku saba hadi kumi zitachomoza. Siku hiyohiyo zitoe zipate mwanga, maana mche unaobaki gizani baada ya kuchomoza hurefuka na kulala. Udongo wa trei uwe mchanga wa mto Sabaki uliochekechwa na samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu. Mchanga wa ufukweni usiuguse, hata ukiuosha. Una chumvi na vipande vya makombe. Wanaotumia usumba wa nazi waufue kwanza kwa maji matamu mara kadhaa, kwa kuwa makumbi mengi hufukiwa kwenye tope la bahari kabla ya kupondwa na hurudi na chumvi yake.

Kwa miche ya kununua, usichague kwa ua. Muuzaji wa kando ya barabara hujua kuwa mteja huvutwa na chungu kilichochanua chote, na mmea huo umekwisha kutumia nguvu zake. Inua mfuko utazame matundu ya chini: mizizi myeupe ni dalili njema, ya hudhurungi yenye uteute irudishe. Kisha bonyeza shina taratibu pale linapoingia udongoni. Likilegea, lina uozo. Chukua mche mfupi, mpana, wenye vitumba vingi vilivyofumba.

Mingi ya miche hiyo imekulia kwenye udongo mwekundu wa bara, ndani ya kivuli. Iweke wiki nzima chini ya makuti kabla ya kuipanda, ukiisogeza juani kidogo kidogo. Siku ya kupanda, lipukutishe lile bonge la udongo mwekundu kwa vidole, kwa sababu likishakauka ndani ya mchanga wetu maji hulipita pembeni na mzizi hubaki na kiu. Na maua yote yaliyokwisha funguka, yakate. Inauma kuyakata, lakini mizizi itakushukuru.

Mahali pa kupanda

Vitabu vya bustani husema dianthasi ipate jua kwa muda wa saa sita kila siku. Kwa Malindi iwe jua la asubuhi hadi saa sita mchana, kisha kivuli. Upande unaotoa hivyo ni mashariki mwa nyumba. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa mashariki mwetu ni bahari. Nyumba ya Casuarina au Mayungu iliyo mbele kabisa hupokea jua zuri la asubuhi pamoja na umande wa chumvi unaopeperushwa na upepo, na majani ya dianthasi huungua ncha. Dianthasi huvumilia chumvi kidogo, lakini haivumilii kurushiwa kila siku.

Ukuta wa mawe mtupu hausaidii sana, maana upepo huupanda na kuangukia nyuma yake kwa kishindo. Ua wa mimea unaopitisha upepo kidogo, wa bogenvilia au mivinje iliyokatwa fupi, huvunja nguvu yake na kunasa chumvi. Mtu wa Maweni, Barani au Ganda, aliye ndani ya mji au mbali zaidi na pwani, hana shida hiyo, na kwa dianthasi ana bustani bora kuliko ya aliyejenga ufukweni.

Ardhini au chunguni? Ardhini, ikiwa ardhi yako inapitisha maji. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, lizungushie mawe ya matumbawe ili lisibomoke, panda mche kila baada ya sentimita 20 au 25. Shingo ya mche ibaki juu kidogo ya udongo, usiifukie. Majani makavu ambayo tunayatandaza chini ya mimea mingine hapa ni hatari, kwa kuwa hushika unyevu shingoni. Tandaza kokoto ndogo. Jivu la jikoni, ambalo wengi hulimwaga kufukuza wadudu, liache pia: udongo wetu una chokaa ya kutosha, na ukiongeza jivu majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu mmea haupati madini ya chuma.

Chungu kina faida moja kubwa, unaweza kukihamisha jua linapozidi. Cha udongo hupumua na kupoza mizizi lakini hukauka haraka kwenye upepo wa kusi. Cha plastiki hushika maji, ila kikiachwa juani alasiri kinapika mizizi. Mimi hutumia cha udongo na kumwagilia zaidi. Kwa ndugu zetu wa Lamu, ambao bustani yao mara nyingi ni kiwanda cha ndani, yaani uwanja mdogo katikati ya nyumba, au dari, yaani paa bapa la juu, chungu ndicho pekee. Kiwanda kina kivuli kingi mno kwa dianthasi. Darini pana jua la kutosha na zaidi. Pale darini, tafuta ukuta utakaokinga jua la alasiri. Samadi ya punda, ambayo Lamu haikosi, ni nzuri ikiwa imekaa miezi ikaoza, mbichi inaunguza.

Maji, mkasi na usiku wa konokono

Mwagilia asubuhi mapema, shinani, si juu ya majani. Tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kukiwa na ubichi, ngoja. Dianthasi nyingi zinazokufa huku hufa kwa maji mengi, na dalili zake zinafanana na za kiu, kwa hiyo mwenyewe akiona mmea umenyauka huongeza maji na kuumaliza.

Mbolea iwe kidogo. Samadi ya mwanzo yatosha mwezi wa kwanza, baada ya hapo kijiko cha mbolea yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni kila wiki tatu au nne. Naitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri kisichochanua.

Mkasi ndio unaotofautisha dianthasi ya wiki tatu na ya miezi minne. Mche ukifika majani sita hadi manane, kata ncha yake ya juu. Utaona kwenye shina vifundo vilivyovimba kidogo, kila kimoja kikiwa na majani mawili yanayotazamana; kata juu tu ya kifundo, na kutoka kwenye kwapa za majani hayo mawili yatatoka matawi mawili. Ua likinyauka lifuate kwa chini hadi kwenye jozi ya majani ya kwanza, ukate hapo. Kung'oa petali kavu peke yake hakutoshi, kwa kuwa kile kikombe cha kijani kinachobaki ndicho kinachotengeneza mbegu, na mmea ukianza kulea mbegu hupunguza maua. Wimbi la kwanza likiisha, mwezi Septemba, punguza kichaka chote kwa theluthi moja. Baada ya wiki tatu hivi kinachanua upya.

Vipandikizi navyo vinawezekana: tawi changa lisilo na kitumba, urefu wa sentimita saba au nane, limekatwa chini ya kifundo, limechomekwa kwenye mchanga wa Sabaki wenye ubichi, kivulini. Ni njia nzuri ya kuhifadhi chotara uliyeipenda rangi yake.

Adui mkubwa wa Juni ni konokono, yule mkubwa wa kwetu. Usiku mmoja anamaliza safu ya miche. Toka na tochi baada ya isha, uwaokote kwa mkono. Siku tatu mfululizo hupunguza sana. Utitiri wa kaskazi hupigwa kwa maji: rushia chini ya majani asubuhi, yakauke kabla ya jua kali. Na mbuzi wa mitaani hula dianthasi kwa hamu, basi funga geti.

Dianthasi au vinka

Vinka, Catharanthus roseus, ni ya Madagaska, na Pwani imejifanya mwenyeji hadi inaota kwenye nyufa za kuta. Huchanua waridi, nyeupe, nyekundu, na kwa mbali tuta la vinka na tuta la dianthasi huweza kuchanganywa. Kwa karibu hazilingani: petali ya vinka ni nyororo isiyo na meno, na ule urembo wa duara mbili tatu za rangi ndani ya ua moja haina.

Lakini vinka hustahimili mengi. Jua la Februari huipa nguvu. Maji ya kisima yenye chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe mdomoni mwa chungu, inayanywa miezi mingi. Dianthasi kwa maji hayohayo huungua ncha za majani ndani ya wiki kadhaa, isipokuwa uwe unaisuuza kwa maji ya mvua au ya mfereji, yaani ya bomba. Maua makavu ya vinka huanguka yenyewe, mkasi hauna kazi. Mbuzi hailambi, kwa sababu ina sumu. Ni sumu hiyohiyo ambayo wanasayansi walitoa ndani yake vinkristini na vinblastini, dawa zinazotibu saratani ya damu na nyinginezo, lakini jani bichi si dawa ya kutafuna, na penye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni ni jambo la kufikiria.

Inaposhindwa vinka ni kwenye maji yaliyotuama. Masika yakiwa mazito, shina huwa jeusi na kulala, na tuta zima laweza kwenda kwa wiki moja.

Kwa hiyo anayetumia kisima cha chumvi, au anayesafiri na kuacha bustani wiki mbili bila mtu, achague vinka na asijute. Mwenye maji ya mfereji, kivuli cha alasiri na dakika kumi za asubuhi, achague dianthasi ya Kichina. Na mwenye tuta moja tu anayetaka zote mbili, zipokezane: dianthasi Juni hadi Desemba, vinka Januari hadi mvua zianze. Otesha vinka katikati ya Oktoba ili miche iwe tayari dianthasi inapong'olewa. Mbegu za vinka, tofauti na za dianthasi, hupenda joto na zinataka giza ndipo ziote; funika trei kwa gazeti, uchungulie kila asubuhi, na siku ya kuona kijani cha kwanza ndiyo siku ya kuliondoa.